Kope Zinazolegea Jioni Si Kazi ya Jini
Tangu zamani, hapa Lindi na hata Mtwara, mtu ambaye kope zake hulegea jioni na sauti yake kufifia kadiri anavyozungumza huweza kuambiwa kuwa amepandwa na jini, na miezi ikapotea, jambo linaloniuma, akizungushwa kwa waganga. Miasthenia, ugonjwa wenye dalili hizo, hutokana na kingamwili za mgonjwa mwenyewe, ambazo badala ya kupambana na vimelea hushambulia vipokezi vilivyoko pale neva inapokutana na msuli, hata amri ya neva isifike sawasawa. Kingamwili hizo hupimwa katika damu. Miongoni mwa walioathirika mwili mzima, huonekana kwa takriban wagonjwa 85 kati ya 100, ndiyo maana kipimo kisichozionyesha hakitoshi kuukanusha ugonjwa. Dawa zipo.