Je, wajua vipindi vya Krismasi vya redio ya zamani vilinusurikaje bila kanda?

Kila Desemba wapenzi wa redio ya zamani hurudia vipindi vya Krismasi vya Marekani vya miaka ya 1930 na 1940: michezo ya kuigiza, vichekesho, kwaya. Wengi huamini vilirekodiwa kwenye kanda, vikahaririwa, ndipo vikarushwa. Sivyo. Studio za redio za Marekani hazikuwa na kanda. Ukanda wa sumaku ulikuwa ukitumika Ujerumani, na uliingia kwenye vipindi vikubwa vya Marekani mwaka 1947 kupitia kipindi cha mwimbaji Bing Crosby.

Wala tatizo halikuwa vifaa tu. NBC na CBS, mitandao mikubwa ya redio ya Marekani, zilikataza kurusha sauti iliyorekodiwa. Zilijivunia kwamba unachosikia kinatendeka sasa hivi. Kwa kuwa pwani ya magharibi iko nyuma ya mashariki kwa saa tatu, waigizaji mara nyingi walicheza kipindi kilekile mara mbili, vichekesho vilevile, kwa sauti ileile ya mshangao. Mei 1937, NBC iliporusha maelezo ya mtangazaji Herbert Morrison yaliyorekodiwa wakati Hindenburg, meli ya anga ya Ujerumani, ikiungua, ilikuwa imevunja sheria yake yenyewe.

Uzito wa sheria hiyo ulionekana Krismasi ya 1936. Tangu 1934 mwigizaji Lionel Barrymore alikuwa akiigiza redioni kama bahili Scrooge wa hadithi ya Charles Dickens. Mwaka huo mke wake alifariki mkesha wa Krismasi. Leo mtu angechomoa rekodi ya mwaka uliotangulia. Wakati ule ilibidi nafasi yake mbele ya kipaza sauti ichukuliwe na mdogo wake, John Barrymore.

Lakini kilichokatazwa kilikuwa kurusha rekodi, si kurekodi. Wadhamini walitaka ushahidi kwamba matangazo yao yamesomwa, na vituo vilitaka kumbukumbu. Hivyo kipindi kikiwa hewani, mashine ilikuwa ikikichonga kwenye santuri ya inchi 16, bamba la alumini lililopakwa vanishi nyeusi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alumini ilipoadimika, bamba likawa la kioo, na hapo kuanguka kwa santuri moja kulitosha kufuta Krismasi nzima.

Upande mmoja ulibeba dakika 15 hivi, kwa hiyo kipindi cha nusu saa kilihitaji pande mbili. Hapa ndipo penye ufundi. Santuri huzunguka kwa mwendo mmoja, lakini mzunguko wa nje ni mrefu kuliko wa ndani: ukingoni sindano hupita karibu sentimita 70 kila sekunde, karibu na kitovu nusu yake tu. Ni kama kuandika sentensi ileile kwenye karatasi pana, kisha kwenye kipande cha nusu yake. Herufi zinabanana, na zilizo ndogo ndizo hupotea kwanza. Katika sauti, herufi ndogo ni zile za juu: kengele, mluzi, herufi "s". Kama kila upande ungeanzia ukingoni, msikilizaji angetoka kwenye sauti butu ya kitovu na kurukia ghafla sauti kali ya ukingo. Mafundi walipata dawa: upande wa kwanza ulichongwa kutoka nje kwenda ndani, wa pili kutoka ndani kwenda nje. Sauti inafifia polepole, kisha inarudi polepole, na kiungo hakisikiki. Sikiliza katikati ya kipindi cha nusu saa utaielewa hila hiyo, ingawa nakala nyingi za leo zimeshapitia kanda za wakusanyaji, na si kila ufifiaji ni wa santuri.

Vipindi vya kuuzwa kwa kituo kimoja kimoja vilikuwa na njia yao. The Cinnamon Bear, hadithi ya watoto ya 1937 yenye sehemu 26 za kusikilizwa hadi Krismasi, ilitengenezwa kwenye santuri tangu mwanzo.

Na ukikuta kipindi cha miaka ya vita kisicho na tangazo hata moja, huenda ni nakala ya redio ya jeshi la Marekani. Ilikuwa ikiondoa matangazo ya biashara kabla ya kuwapelekea askari santuri hizo, na pengo likazibwa kwa muziki. Ndiyo maana mara nyingine hadhira inacheka kwa utani kuhusu bidhaa ambayo wewe hukuisikia ikitajwa.