Konokono wa kichocho na wapangaji wake

Kila nikisema kazi yangu ni konokono wa maji baridi, swali linalofuata ni lile lile: "si ndo wale wa kichocho?" Ndio, ndo hao hao, Biomphalaria wa Ziwa Victoria, wadogo, gamba bapa la kahawia lililojizungusha, unawakuta kwenye matete, chini ya majani ya magugu maji, hata kwenye mifuko ya nailoni iliyotupwa mwaloni. Ila hilo jina "konokono wa kichocho" mi linanikera kidogo, maana linafanya ionekane kana kwamba mle ndani kuna mkaazi mmoja tu. Kiukweli konokono mmoja wa ziwani ni nyumba ya kupanga ya uswahilini, vyumba vyote vimejaa, wapo wa barazani, wapo waliojibanza uani, yupo anayemsaidia mwenye nyumba na yupo aliyemfilisi kabisa, halafu wengine wanakulana wenyewe kwa wenyewe. Kichocho ni mpangaji mmojawapo, na mara nyingi sio mbabe wa nyumba.

Tuanze na huyo wa kichocho ili tuelewane. Naongelea kichocho cha tumbo, Schistosoma mansoni, ndo kinachotusumbua sisi wa kanda ya ziwa. Yai linatoka na kinyesi cha mtu, likifika kwenye maji linapasuka na anatoka mdudu anaitwa mirasidia, amefunikwa vinyweleo mwili mzima, anaogelea kwa fujo, hali kitu chochote, anaishi kwa akiba aliyotoka nayo kwenye yai na ana masaa tu ya kumpata konokono, na sio konokono yeyote, ni wa jamii hiyo ya Biomphalaria. Wengi wanakufa njiani. Akimpata anapenya kwenye nyama laini, anavua vile vinyweleo na kugeuka kuwa kifuko kinaitwa sporosisti. Kumbuka kitu kimoja kuhusu hiki kifuko, HAKINA MDOMO, kinafyonza chakula kupitia ngozi yake. Tutarudi hapo.

Kifuko kinazaa vifuko vingine, vinahamia kwenye ini la konokono, na baada ya kama mwezi hivi vinaanza kutoa sakaria, hawa ndo wenye mkia uliogawanyika mara mbili mwishoni na hawa ndo wanaokupenya wewe ngozi ukiwa unafua, unaoga au unavuta nyavu. Mirasidia mmoja anaweza kuzalisha maelfu ya sakaria, na wote ni jinsia moja kwa sababu wote ni nakala za yule mmoja, dume kama alikuwa dume, jike kama alikuwa jike. Kwa hiyo ili minyoo ioane ndani ya mwili wako inabidi uwe umepata sakaria waliotokana na mirasidia tofauti, na kwenye maji yetu hilo wala sio tatizo, wapo wa kutosha. Wakishakutana jike anakaa ndani ya mfereji uliopo mwilini mwa dume, wanaishi hivyo miaka.

Sasa cheki muda wao wa kutoka. Sakaria wa huku kwetu wanatoka kwenye konokono mchana, kuanzia jua likipanda mpaka saa sita saba hivi, yaani muda ule ule watu wamejaa majini. Halafu kule Dhofar, Oman, watafiti wakakuta mansoni wanaotoka usiku, na wakaona kule panya nao ni wenyeji wa huyu mnyoo, na panya anatembea usiku. Mdudu yule yule, saa imebadilika kumfuata anayemtaka. Mi kila nikilifikiria hili naona hatujamheshimu huyu mdudu inavyostahili.

Konokono mwenyewe anapata nini? Anapoteza uzazi. Vimelea vinachukua nguvu zote, anaacha kutaga mayai, mwili wake unabaki ni kiwanda cha sakaria. Kinachofurahisha (kwa sisi tunaofurahia mambo haya) ni kwamba wiki za mwanzo baada ya kuambukizwa konokono wengi wanataga mayai MENGI kuliko kawaida, kana kwamba amejua mlango unafungwa anawahi. Baadaye ndo kimya.

Haya, tutoke sasa kwa huyo mpangaji tuangalie wengine.

Nje kwenye gamba kuna bustani. Ukikwangua kidogo ukaweka kwenye slaidi unaona mwani wa kijani, diatomu (mwani wa seli moja) wa kila umbo, na Vorticella, kiumbe wa seli moja mwenye kikonyo kinachojikunja ghafla akiguswa, anatumia gamba kama sehemu ya kujishikiza tu na kunasa bakteria wanaopita. Kuna rotifera pia, vijidudu vidogo sana vya majini, wanazungusha vinyweleo vya kichwani mwao kuvuta chakula. Hawa hawamdhuru konokono wala hawamsaidii sana, wamepata usafiri, basi.

Ila kwenye nyama, pembeni ya gamba na kwenye ile nafasi anayopumulia, kuna jamaa mmoja mi ndo nampenda kuliko wote, Chaetogaster limnaei. Huyu ni mnyoo wa ukoo mmoja na nyungunyungu wa shambani lakini urefu wake ni milimita chache tu, mweupe, unaona mpaka kilichomo tumboni, ana vinywele vya kujishikilia na mdomo mkubwa kuliko unavyotegemea. Anakaa pale mlangoni anakula kila kinachopita, mwani, rotifera, na wakipita mirasidia wanaotaka kuingia anawameza, wakipita sakaria wanaotoka anawameza pia. Ukimweka chini ya hadubini unaona kabisa sakaria tumboni mwake, mkia wa panda umejikunja mle ndani. Utafiti wa mwaka 1964 tayari ulionyesha kwamba konokono wenye hawa minyoo wanapata maambukizi ya kichocho kidogo kuliko wasiokuwa nao. Na wala hamhitaji mwenzake ili kuongezeka, anajikata tu mwili, nyuma anatokea mwingine, ndo maana konokono mmoja unaweza kumkuta anao kibao.

Usiharakishe kumwita rafiki lakini. Huyo huyo Chaetogaster limnaei ana namna mbili, kuna wa nje ambao ndo hao walinzi, na kuna wanaoingia mpaka kwenye figo ya konokono na kula seli za figo. Hao tunawaita vimelea bila kusita. Spishi moja, mmoja mlinzi mmoja mwizi, inategemea amekaa wapi. Na hata hao walinzi wakizidi idadi wanaweza kuwa mzigo. Vitabu vya shule vinapanga uhusiano wa viumbe kwenye visanduku, huyu wa kufaidiana, huyu kimelea, huyu mpita njia, lakini kwenye maji hao viumbe wanahama sanduku kila siku.

Sasa tuingie chumba cha ndani kabisa, huko ndo kuna vita. Kichocho ni mmoja tu kati ya trematodi (minyoo bapa, ndo ukoo wa kichocho) wengi wanaomtumia konokono kama kituo. Wapo echinostoma ambao mwisho wao ni ndege na wanyama wengine, wapo wa ng'ombe, wapo wa jamii ya Diplostomum ambao sakaria wao nao wana mkia wa panda lakini wanamwendea samaki, wengine wanaingia mpaka kwenye macho ya samaki, samaki asiyeona vizuri analiwa kirahisi na ndege, na ndege ndo alikuwa anatafutwa. Wapo wenye kimkuki kidogo mdomoni cha kutobolea. Kwa hiyo ukiona mkia wa panda usipige kelele "kichocho!" kwanza, angalia vizuri. Kuna hata kichocho cha ndege, kikikupenya kinakufia kwenye ngozi na kukuachia muwasho tu.

Wakikutana wawili kwenye konokono mmoja hawagawani kwa amani. Nilisema sporosisti wa kichocho hana mdomo, sasa echinostoma na wenzake wao wana hatua inaitwa redia, na redia ana mdomo na koo lenye misuli, anatembea ndani ya mwili wa konokono na akikutana na sporosisti wa kichocho anamla. Hivi hivi tu, anamla. Ndo maana tunasema kuna ngazi za ubabe ndani ya konokono, na kichocho yuko ngazi za chini. Kwenye konokono wa baharini kule California, mwaka 2011 wanasayansi walieleza spishi ambayo redia wake wamegawana kazi kabisa, kuna wanaozaa na kuna askari, wadogo wenye midomo mikubwa ambao hawazai, kazi yao kushambulia wavamizi. Ndani ya konokono, jeshi!

Huku kwetu kuna kisa kizuri zaidi. Magharibi mwa Kenya kwenye vijito kuna Biomphalaria pfeifferi ambao wanakutana na mayai ya kichocho kutoka kwa watu na mayai ya Calicophoron kutoka kwenye mavi ya ng'ombe wanaokunywa hapo hapo. Calicophoron ni wale wadudu wekundu wanene wanaokaa kwenye tumbo la ng'ombe, wachinjaji wanawajua, wanawakuta wameng'ang'ania kwenye ile sehemu inayoitwa taulo. Mwaka 2019 watafiti wa Kenya na Marekani wakachapisha kazi inayoonyesha kwamba hawa wa ng'ombe wakikutana na kichocho ndani ya konokono mmoja, kichocho ndo kinachoumia, uzalishaji wa sakaria wake unavurugika. Yaani ng'ombe anaweza kuwa anapunguza kichocho cha watu bila yeye kujua. Tafadhali lakini sijasema mkawapeleke ng'ombe kwenye maji ya kunywa, ng'ombe naye ana minyoo yake mingine ikiwemo ya ini na kichocho chake mwenyewe.

Kuna mpangaji mmoja mdogo kuliko wote hao sitaki nimwache, Capsaspora owczarzaki. Ni seli moja, wa umbo la amiba, anakaa ndani ya damu ya konokono Biomphalaria glabrata wa upande wa Amerika. Alipatikana wakati watu wanajiuliza mbona konokono fulani wa maabara hawashikwi na kichocho kirahisi, wakakuta huyu mdudu anawashambulia na kuwaua sporosisti. Baadaye ikajulikana kuwa yeye ni mmoja wa ndugu wa karibu kabisa wa wanyama wote, mimi na wewe tukiwemo, ana jeni nyingi ambazo tulidhani ni za wanyama tu, na jenomu yake yote, yaani seti nzima ya jeni zake, ilichapishwa 2013. Aisee, ndugu yetu wa seli moja tumemkuta ndani ya damu ya konokono anapigana na kichocho.

Na hao konokono wenyewe wana safari ndefu. Ukoo wa Biomphalaria asili yake ni Amerika ya Kusini, walifika Afrika mamilioni ya miaka iliyopita, mnyoo akawakuta huku na kuwazoea. Halafu meli za watumwa zikamvusha mnyoo kwenda ng'ambo ndani ya miili ya watu waliotekwa, na kule akakuta ndugu wa konokono aliowazoea wanamsubiri. Kichocho cha tumbo cha Brazil na visiwa vya Karibea kimetokana na hapo.

Sasa nikisikia mtu anasema suluhisho ni kumwaga sumu konokono wote wafe, huwa nauliza, unajua unamwaga nyumba nzima? Dawa inayotumika ni niklosamaidi, inaua konokono kweli, lakini inaua na samaki na vyura. Na Biomphalaria ana jinsia zote mbili, akibaki mmoja tu kwenye tope anaweza kujitungisha mwenyewe na kuanza ukoo upya. Unguja na Pemba kuanzia 2012 kulikuwa na mradi mkubwa dhidi ya kichocho cha mkojo, ambacho konokono wake ni Bulinus, watu wote walikuwa wanapewa dawa ya prazikwanteli mara mbili kwa mwaka, sehemu nyingine wakaongeza sumu ya konokono, nyingine wakaongeza elimu ya kubadili tabia. Maambukizi yalishuka vizuri, ila zile sehemu zilizoongezewa hazikupita kwa kiasi kikubwa zile zilizopewa dawa peke yake. Mi sisemi sumu haina kazi, kuna bwawa dogo la shule ambalo ningeiweka kesho asubuhi. Ila kwa ziwa lote, hapana.

Kuna anayeuliza basi si tufuge Chaetogaster tuwamwage ziwani? Tayari wapo ziwani, na kichocho bado kipo, kwa sababu mtu mmoja mgonjwa anaweka mayai mengi mno kila siku na walinzi hawana matumbo ya kuwatosha wote. Meza dawa, jenga choo, na maji ya kuoga ukiyachota yaache yalale siku mbili kwenye pipa lisilo na konokono, sakaria hawadumu zaidi ya hapo.

Walimu wa baiolojia mnaotaka kuwaonyesha wanafunzi, inawezekana bila vifaa vya bei. Vaa glavu za mpira na buti, chota konokono kwa chujio lenye mpini mrefu, kila mmoja mweke kwenye glasi yake na maji safi yasiyo na klorini, weka sehemu yenye mwanga asubuhi na subiri masaa mawili matatu. Shika glasi mbele ya kitu cheusi uangalie kwa lenzi ya mkono, sakaria wataonekana kama vidoti vyeupe vinavyoruka ruka, na ukingoni mwa gamba utaona nyuzi nyeupe zinachezacheza, ndo Chaetogaster. Usiguse hayo maji kwa mkono mtupu hata kama huoni kitu, na ukimaliza mwagia maji ya moto kabla ya kuyatupa.