Aert van der Neer: giza la mtoni halikuwa jeusi

Aert van der Neer, Mholanzi aliyezaliwa mwaka 1603 au 1604 na kufariki Amsterdam mwaka 1677, alichora mito wakati wa machweo na mbalamwezi kuliko karibu kila mchoraji wa zama zake. Kuna mambo kadhaa yanayosemwa juu yake ambayo si kweli, na la kwanza ndilo linaloniuma zaidi.

Dhana: Giza lake ni rangi nyeusi iliyopakwa juu ya mto.

La hasha. Chukua picha yake ya daraja chini ya mbalamwezi, iliyoko National Gallery of Art mjini Washington, inayokadiriwa kuwa ya miaka ya 1648 hadi 1650. Chini ya giza lile kuna matabaka ya waridi, dhahabu na buluu. Van der Neer aliyafunika kwa rangi nzito, kisha akaikwangua ile ya juu hapa na pale kwa kisu cha kuchanganyia rangi au mpini wa brashi, mpaka rangi za chini zikachungulia. Ndipo mawingu yake yakawa kama yanawaka kwa ndani. Picha ya namna hii usiihukumu kwa kuitazama kwenye simu. Sogea karibu nayo, uone mkono ulivyofanya kazi.

Dhana: Alikaa ukingoni usiku, akachora alichokiona.

Wachoraji wa Uholanzi wa karne ya 17 walitoka nje kuchora michoro ya penseli au wino, lakini rangi za mafuta walizipaka ndani ya karakana. Rangi za kubebeka katika vibomba vya bati zilikuja mwaka 1841 tu. Tena, sehemu kubwa ya mito yake huwezi kuionyesha kwenye ramani. Aliijenga kichwani: minara huku, mashua kule, maji katikati ya kuvuta macho hadi upeoni.

Dhana: Uholanzi ilikuwa tajiri, basi na yeye alitajirika.

Huko wachoraji wengi hawakulishwa na mfalme wala kanisa. Waliuza sokoni, na soko lilijaa picha. Van der Neer alifungua kilabu cha mvinyo katika mtaa wa Kalverstraat mjini Amsterdam, mwaka 1662 akafilisika, na picha zake zikathaminiwa kwa bei ya chini sana. Aliendelea kuchora hadi akafa maskini. Rembrandt naye, mchoraji mashuhuri kuliko yeye, katika mji huohuo, alifilisika mwaka 1656.

Dhana: Alijua usiku tu.

Alichora pia majira ya baridi, watu wakiteleza juu ya mito iliyoganda.

Dhana: Kila picha yenye jina "van der Neer" ni yake.

Mwanawe Eglon alikuwa mchoraji pia, ila alipenda mabibi waliovaa hariri ndani ya vyumba vya kifahari. Huyo ndiye aliyefika kuwa mchoraji wa ikulu, huko Düsseldorf, Ujerumani, alikofariki mwaka 1703.