Trekta, kashata za tairi na ajali ambazo redio haikuzisema

Ugomvi ulioniletea andiko hili ulitokea gereji moja ya Igurusi, wilayani Mbarali. Mwenye trekta alimwita fundi mwizi. Matairi ya nyuma aliyofungiwa yalikuwa yakiacha alama zenye ncha inayotazama nyuma, naye akaamini yamefungwa kinyume. Yakafunguliwa, yakageuzwa, akaenda kulima majaruba. Siku ya pili alikuwa anavutwa kutoka kwenye tope.

Nimekuwa fundi wa matrekta Isimani na sasa Uyole, na dhana hiyo nimekutana nayo kote. Hapa naijibu pamoja na nyingine kama hiyo: kila dhana iko ndani ya alama za kunukuu, jibu langu chini yake.

"Ncha ya alama ya tairi ardhini lazima itazame mbele"

Ukweli ni kinyume chake. Simama nyuma ya trekta, tazama tairi kubwa. Kashata, yaani yale matuta ya mpira yaliyoinuka juu ya tairi, zinatakiwa zifanane na paa la nyumba: ncha juu katikati, mikono inashuka pembeni. Trekta likienda mbele, ncha hiyo hugusa udongo kwanza, kisha mikono inafuata na kulisukuma tope litoke katikati kwenda kando. Tairi linajisafisha lenyewe. Ukiligeuza, mikono ndiyo inayotangulia, tope linasukumwa kuja katikati na kuganda, na baada ya mizunguko michache una gurudumu laini lisiloshika kitu.

Sasa fikiria alama. Ncha imegusa udongo, trekta limesogea, ndipo mikono ikagusa mbele kidogo ya pale ilipogusa ncha. Kwa hiyo ncha iliyobaki ardhini inatazama ulikotoka. Yule fundi alikuwa sahihi tangu mwanzo. Ukibaki na shaka, tafuta mshale uliochorwa ubavuni mwa tairi, ufuate huo.

Kuna mahali tairi la kashata hufungwa kinyume kwa makusudi: mashine inayovutwa ambayo gurudumu lake ndilo linalozungusha vyombo vyake vya ndani, kama baadhi ya mashine za kupandia. Pale ardhi ndiyo inayolizungusha gurudumu, kwa hiyo mshiko unatakiwa upande wa pili.

Kosa la sisi mafundi nalo nilitaje. Mkulima anataka matairi yatanuke ili yapite kati ya mistari ya mahindi. Fundi anafungua gurudumu, analigeuza ndani nje, analirudisha upande uleule. Upana umepatikana, lakini kashata zimegeuka. Ukigeuza gurudumu namna hiyo, la kushoto lihamie kulia na la kulia lihamie kushoto.

"Tairi likigoma kukaa kwenye rimu, ongeza upepo"

Hapa watu wanapoteza mikono na maisha. Matairi mengi ya trekta yameandikwa ubavuni kwamba wakati wa kuyakalisha kwenye rimu usipite psi 35. Likifika hapo halijakaa, toa upepo wote, paka maji ya sabuni, anza upya. Wala usichomelee rimu tairi likiwa bado limefungwa, hata kama umetoa upepo. Moto wa kuchomelea hupasha mpira kwa ndani, gesi hujikusanya, na tairi hupasuka kama bomu. Vua tairi kwanza, kila mara.

"Trekta ni zito, haliwezi kuinuka mbele"

Linainuka, na haraka kuliko unavyodhani. Injini inapolisukuma gurudumu la nyuma ambalo limekwama, nguvu hiyo hutafuta pa kwenda, nalo trekta lenyewe huanza kuzunguka kwenye ekseli yake. Tangu magurudumu ya mbele yaache ardhi hadi mahali pasiporudika ni kama robo tatu ya sekunde. Dereva hana muda wa kukanyaga klachi.

Kwenye mashamba mapya ya Mufindi na Kilolo hatari hii huja na kung'oa visiki. Mtu anafunga mnyororo juu, kwenye ekseli au kwenye mkono wa juu wa kushikia plau, kwa kuona kwamba huko ndiko kwenye nguvu. Kadiri unavyofunga juu ndivyo unavyolivuta trekta lijipindue juu yako. Funga kwenye chuma cha kuvutia kilicho chini, na kiache kiwe chini.

"Mkanda utanifunga trekta likipinduka, afadhali niruke"

Jibu linategemea kitu kimoja: je, trekta lina ile fremu ya chuma inayosimama nyuma ya kiti? Kama ipo na imesimama, funga mkanda, maana fremu inatengeneza nafasi ya uhai na mkanda unakuweka ndani yake. Kama haipo, au imekunjwa, mkanda usiufunge. Sweden ilizifanya fremu hizo kuwa lazima kwa matrekta mapya mwaka 1959, na vifo vya kupinduka vikapungua karibu kuisha. Huku kwetu nimeshika kwa mikono yangu fremu iliyokatwa ili trekta lipite chini ya paa la banda. Inauma. Paa lingeweza kuinuliwa.

"Madigadi ina nafasi ya mtu mmoja"

Hapana. Trekta lina kiti kimoja. Anayeanguka kutoka pale huangukia mbele ya tairi la nyuma, na mara nyingi ni mtoto.

"Kwenye mteremko toa gia, uokoe dizeli"

Tela la viazi lisilo na breki, kwenye mteremko kama wa Mlima Nyoka, huwa ndilo linaloendesha trekta. Ingiza gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, ileile ambayo ungepandia. Na zile pedeli mbili za breki ziunganishe kwa pini yake kabla hujaingia barabarani. Ukikanyaga moja kwa kasi, trekta linageuka ghafla na kulala.

"Shafti inazunguka polepole, naweza kuiruka"

Shafti ya PTO, ile inayotoa nguvu ya injini nyuma ya trekta na kuendesha mashine ya kupukuchua mahindi, huzunguka mara 540 kwa dakika. Hizo ni mara 9 kwa sekunde. Ikishika ncha ya kitenge au mkono wa koti, mwenye nguo hana hata nafasi ya kupiga kelele. Mama zetu ndio wanaosogeza magunia pale, wamejifunga vitenge. Kifuniko cha shafti kirudishwe, na injini izimwe kabla mtu hajavuka.

"Ingekuwa ajali ya kweli, redio ingesema"

Hii naiona kubwa kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayozihifadhi nyingine. Basi likianguka Inyala, nchi nzima inajua kabla ya jioni. Trekta likimlalia kijana kwenye bonde la Usangu, wanajua jirani zake na waliochimba kaburi.

Wengine wanasema waandishi wa mikoani ni wavivu. Siwezi kulikubali hilo. Wengi wao si waajiriwa, hulipwa kwa habari iliyotumika, na nauli ya bodaboda hadi kijijini inaweza kuzidi malipo yenyewe. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zikawataka wenye blogu kusajiliwa na kulipia leseni, na baadhi wakafunga. Na kazi hiyo ina gharama nyingine: Daudi Mwangosi, mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari Iringa, aliuawa akiwa kazini kijijini Nyololo, Mufindi, tarehe 2 Septemba 2012.

Kwa hiyo msisubiri mwandishi aje. Redio za hapa zina namba za simu na vipindi vya wakulima, pigeni nyinyi. Mkipiga, msiishie kwenye "trekta limeua mtu". Semeni fremu ilikuwepo au ilikatwa, mnyororo ulifungwa wapi, gia ilikuwa ndani au nje, shafti ilikuwa na kifuniko au ilikuwa uchi. Jina la marehemu waachieni ndugu zake walitaje wakitaka.