Wanyama wa Kusini Kwenye Baridi ya Kaskazini: Dhana na Ukweli

Dhana: Wanyama wa kusini wanaoonekana sasa kwenye nchi za baridi hufunga safari kwenda kaskazini, kama ndege wanaohama.

Hakuna safari ya namna hiyo. Mnyama akishakua humwacha mama yake na kutafuta eneo lake, na wenzake hutawanyika kila upande. Zamani waliofika penye baridi walikufa bila kuzaa. Sasa baadhi wanaishi na kuzaa, na watoto wao wanaanzia pale.

Dhana: Kinachowaleta ni ongezeko la joto duniani, basi.

Hii ndiyo inayorudiwa zaidi, nayo ni nusu ya habari. Joto limechangia sana, lakini mtazame bweha dhahabu (golden jackal). Barani Ulaya alijulikana zaidi upande wa Balkani, kusini-mashariki mwa bara hilo. Leo yupo Estonia na Denmark, na mwaka 2020 alionekana Norway, ndani kabisa ya eneo la Aktiki, yaani nchi za baridi kali karibu na ncha ya kaskazini. Mbwa mwitu wa Ulaya (wolf) ndiye aliyekuwa akimfukuza na kumuua. Watu walipommaliza mbwa mwitu sehemu nyingi, bweha akapata nafasi. Armadilo naye, mnyama wa Amerika mwenye gamba gumu mgongoni, alikwishavuka mto Rio Grande kutoka Mexico na kuingia Texas, Marekani, katikati ya karne ya 19, kabla joto halijapanda hivi, tena hajasimama tangu hapo.

Dhana: Akishafika, ameshaizoea baridi.

Mwangalie oposamu, mnyama wa Amerika anayebeba watoto mfukoni kama kangaruu, kule Ontario, Kanada. Masikio yake ni membamba na mkia wake hauna manyoya. Wengi wao utawakuta kingo za masikio zimemeguka na ncha ya mkia imekuwa nyeusi, kwa sababu baridi imeiua nyama. Majira ya baridi yote halali usingizi mrefu. Njaa humtoa nje, akaponea mapipa ya taka na vibanda vya watu. Armadilo ana hali ngumu zaidi: mafuta mwilini ni machache na chakula chake ni wadudu wa kuchimbua. Ardhi ikiganda siku nyingi mfululizo, anakufa. Kwa hiyo wastani wa joto la mwaka hautoshi kueleza mpaka wao. Siku chache mbaya zinaweza kuurudisha nyuma.

Dhana: Wanyama wakiongezeka kaskazini, ni faida tupu.

Si kwa mbweha wa Aktiki (arctic fox), ambaye si yule bweha wa juu. Baridi ilikuwa ngome yake. Katika milima ya Norway na Sweden, mbweha mwekundu (red fox) anayepanda kutoka kusini, mkubwa kuliko yeye, humnyang'anya mapango na hata kumuua. Ndiyo maana wahifadhi humwekea chakula kwenye visanduku vyenye tundu dogo: yeye anapenya, mwekundu hapiti.