Zimwi lina sauti ya mama

Mwezi wa nane mwaka jana nililala kijiji kimoja wilayani Chamwino, nyumbani kwa bibi ambaye wajukuu zake walikuwa wakibangua karanga za mbegu. Umeme ulikuwa haujafika pale. Upepo wa Dodoma wa msimu ule mnaujua: unapiga bati usiku kucha, na kila mlio unaweza kuwa mtu.

Bibi alitoa hadithi ya mama aliyewafungia watoto ndani akaenda kutafuta chakula. Kabla ya kuondoka aliwaachia wimbo, akawaambia asiyeujua wimbo ule asifunguliwe. Zimwi likajificha likausikia. Likaja, likaimba kwa sauti yake nzito, watoto wakakataa kufungua. Likaenda likameza chuma cha moto ili koo lilainike, likarudi mlangoni.

Hapo bibi aliweka ungo chini. Nilitarajia akwaruze sauti, kama tunavyofanya sisi walimu darasani. Hakukwaruza. Aliuimba wimbo wa mama vilevile alivyouimba mara ya kwanza, taratibu, kwa upendo uleule. Mtoto wa miaka kama minne aliyekuwa karibu nami akavuta miguu yake, akaiingiza chini ya kitenge cha bibi. Mimi mwenyewe nywele zilinisimama.

Nafundisha fasihi simulizi, na kwa miaka 16 nimekuwa nikirekodi ngano vijijini Ugogo, nchi ya Wagogo hapa Dodoma. Swali ninaloulizwa zaidi na wazazi ni kwa nini hadithi za kale zinatisha hivi, na kama si afadhali tuyaondoe mazimwi tubaki na sungura. Mzazi mmoja aliniandikia kwamba mwanawe haishi kushtuka usingizini tangu alipoletewa kitabu cha hadithi. Shule ikakiondoa. Nilikiomba nikakiangalia: zimwi lina pembe, macho mekundu, mate yanadondoka, limejaza ukurasa mzima. Wimbo haumo. Kilichoandikwa ni kwamba zimwi "lilijifanya mama", basi.

Yule mzazi alikuwa na haki ya kulalamika, na nilimwambia hivyo. Ila kilichomtisha mwanawe si ngano.

Katika rekodi zangu zimwi halina sura. Ukimbana msimulizi akueleze lilivyo, atakuambia ni kubwa, atarudi kwenye hadithi. Anachokipa muda ni sauti. Nadhani nyumba zenyewe zina sehemu katika hili. Tembe la Kigogo ni nyumba ya udongo yenye paa bapa, fupi, isiyo na madirisha ya maana. Moto ukififia huoni mkono wako. Anayelinda nyumba usiku ule ni sikio: ng'ombe wanahema zizini, fisi yuko mbali au karibu, nani anabisha. Mtoto aliyelelewa humo alihitaji kufundishwa kwamba sauti tamu peke yake haitoshi kumfungulia mtu mlango. Nilimuuliza bibi kama zimwi ndiye fisi. Akasema, "Fisi unamsikia anakuja, mwalimu. Zimwi likija, unafurahi."

Sijapata maelezo bora zaidi ya hayo, na nimesoma mengi.

Wala si sisi tu. Ndugu wawili wa Kijerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, walipoanza kuchapisha ngano za kwao mwaka 1812, walikuwa na ile ya mbwa mwitu na wanambuzi saba. Mbwa mwitu yule anakula chaki ili sauti yake ifanane na ya mama mbuzi. Kusini mwa Afrika zimwi linameza chuma cha moto, kama la bibi wa Chamwino. Hofu ni ileile, mlango uleule.

Lakini ndugu hao walifanya jambo linalonikera hadi leo. Katika toleo la 1812, mama anayemshawishi mumewe wakawatupe watoto, Hansel na Gretel, msituni kwa sababu ya njaa ni mama yao mzazi. Matoleo yaliyofuata yakambadilisha, na kufikia toleo la mwisho la 1857 amekuwa mama wa kambo. Nia ilikuwa kumstiri mama. Matokeo yake ni kwamba mtoto anaambiwa hatari iko kwa mwanamke asiyekuzaa, na njaa, ambayo ndiyo zimwi lenyewe hapo, inasogezwa pembeni. Wako wanawake wanaolea watoto wasiowazaa kwa jasho lao, na kila siku wanalipia ubaya wa hadithi kama hizo.

Ugogo njaa haisogezwi pembeni. Kati ya 1917 na 1920 ilipiga njaa ambayo Wagogo wanaiita Mtunya. Majeshi ya vita kuu, ya Wajerumani na kisha ya Waingereza, yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua ikakataa. Inakadiriwa walikufa watu 30,000 katika nchi iliyokuwa na watu kama 150,000. Ngano ya zimwi mlangoni ni kongwe kuliko Mtunya, lakini wazee waliolelewa na walionusurika hawakimbizi ile sehemu ya mama kuondoka. Wanaisimulia polepole. Wanataja alichokibakiza kwenye chungu.

Na sauti iliyoleta maangamizi ndiyo huleta wokovu. Mnaijua ile ya msichana aliyetiwa ndani ya ngoma na zimwi, akapelekwa kijiji hadi kijiji aimbe ili zimwi lilishwe? Wazazi wake hawamwoni. Wanamsikia ndani ya ngozi, wanamtambua, wanalilisha zimwi mpaka lisinzie, wanamtoa mtoto na kujaza nyuki. Toeni zimwi humo, hakuna tena sababu ya mama kuijua sauti ya mwanawe.

Kwa hiyo wazazi wanaoniuliza nawajibu hivi: futeni picha, rudisheni wimbo, na msimulie nyinyi wenyewe. Msiwaachie simu.

Usiku ule hadithi ilipokwisha, watoto wawili walibanwa na mkojo. Choo kiko nyuma ya zizi, hatua kama 30, na giza lilikuwa totoro. Walisimama mlangoni hawaendi. Bibi hakuwacheka wala hakuwakemea. Alisimama kizingitini, akaanza kuuimba wimbo wa mama, nao wakaingia gizani wakiitikia. Wakinyamaza, anarudia. Wanaitikia tena kutoka kule chooni. Hakukaa chini mpaka waliporudi wote wawili, miguu imejaa vumbi, bado wanaimba.