Non-Stop: kwanini stelingi alikomaa na futi 8,000

Juzi dogo mmoja hangani, katoka stoo na boksi lake la bolti mkononi, ananiuliza: "Kaka, hivi kweli risasi moja ikitoboa ndege watu wote wanavutwa nje?" Kumbe usiku alikuwa anaangalia Non-Stop ya Liam Neeson, ile ya 2014, tena ya kutafsiriwa, kwahiyo nusu ya story alikuwa kapewa na mtafsiri. Mimi ni fundi wa ndege, mwaka wa 14 huu, na muvi za kwenye ndege naziangalia roho juu, sio kwa ajili ya majambazi, kwa ajili ya yale wanayoifanyia ndege yenyewe.

Kwa ambaye hajaiona: Neeson ni askari wa siri ndani ya ndege inayotoka New York kwenda London, anaanza kupokea meseji kwamba zitumwe dola milioni 150 la sivyo kila dakika 20 anakufa mtu. (Lupita Nyong'o naye yumo, mhudumu wa ndege, maneno yake ukiyahesabu hayajai kiganja, na siku mbili tu baada ya muvi kutoka Marekani akabeba Oscar kwa kazi nyingine!) Mbele huko linapatikana bomu, na stelingi anakomaa: ndege ishushwe mpaka futi 8,000, bomu lipelekwe mkiani, lifunikwe na mabegi.

Wengi wanadhani hiyo 8,000 mwandishi kaiokota tu. Hapana wakuu, hapo wamepatia kabisa.

Iko hivi. Ukiwa futi 35,000, karibu mara mbili ya Kilimanjaro, presha ya hewa nje ni kama robo ya ile ya Dar. Ndani huwezi kuwaacha watu hivyo, watazimia ndani ya dakika moja hivi, ndo maana tunajaza hewa kebini mpaka iwe kama uko futi 6,000 hadi 8,000, yani kama uko Addis Ababa hivi. Sasa hiyo tofauti ya ndani na nje ndo mzigo wenyewe, karibu nusu kilo kwa kila sentimita moja ya mraba, kwahiyo mlango mmoja wa abiria unabeba kama tani 8 zinazousukuma kutoka ndani. Ndo maana ukiona kwenye muvi mtu kavuta mlango ukafunguka huko juu, cheka tu, milango mingi ya jeti lazima iingie ndani kwanza ndo itoke, na hakuna binadamu wa kuvuta tani 8. Bomu likilipuka kwenye puto lililojaa hivyo, hewa yenyewe inamalizia kazi ya kupasua. Ukishuka 8,000 ndani na nje zinalingana, puto limelegea, bomu linabaki na nguvu zake peke yake.

Na imewahi kuonekana kwa macho. Tarehe 2 Februari 2016 ndege aina ya Airbus A321 ya shirika la Daallo iliruka Mogadishu kwenda Djibouti, bomu likalipuka ikiwa bado inapanda, presha haijajaa vizuri. Ukuta ukatoboka pembeni karibu na bawa, aliyekuwa na bomu akatoka na tundu hilo hilo, ndege ikageuza ikatua Mogadishu.

Risasi je? Ndege kila siku inaruka ikiwa na tundu, kuna kilango nyuma tumboni kinachotoa hewa muda wote ili presha isizidi, tundu la risasi hapo ni kama kutoboa kwa sindano ndoo ambayo koki yake iko wazi tayari. Utasikia mluzi tu.

Pale waliponiudhi ni baada ya mlipuko, mtoto anataka kuvutwa nje na stelingi kamng'ang'ania, wakati ndo wametoka kutuhangaisha na 8,000 yao ili hicho kitu kisitokee. Upepo unaopita nje ya tundu unavuta kidogo, sawa, lakini sio vile.

Kung'ang'ania mtu kwa ukweli kulitokea tarehe 10 Juni 1990 kwenye ndege ya British Airways, futi kama 17,000, kioo cha mbele kikachomoka na kapteni akatoka nusu mwili, wahudumu wakashikilia miguu yake mpaka ndege ikatua Southampton, na akapona. Hakukuwa na bomu wala jambazi. Kioo kilikuwa kimetoka kubadilishwa, na kati ya bolti 90, 84 zilikuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa, tofauti haifiki hata milimita moja.

Dogo akanyamaza. Akaligeuza lile boksi lake, akaanza kusoma namba upya.